Doa, Ng'ombe Aliyetolewa Mara Mbili

Kila Jumapili baada ya Misa, Leonida mjane wa Hhando alishika njia ya kuteremkia kijitoni, akafika kwa Sara, na akamsalimu ng'ombe kwanza. Alimpapasa shingo. Alimfunua kope kutazama wekundu wa jicho, akamgeuza sikio kutafuta kupe, akapita nyuma kuona kama mkia ni safi. Ndipo alipomgeukia mwenye nyumba na kusema, "Hamjambo humu."

Sara alikuwa amekwisha zoea. Alisimama mlangoni, mikono ina unga, akingoja zamu yake.

"Hatujambo, daktari. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Umemfunga kamba fupi."

"Kamba ndefu alikula mahindi ya jirani."

"Basi jirani ajenge ua."

"Nitamwambia, Mama. Nitamwambia mwenye ng'ombe kasema."

Leonida hakucheka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa kunyooka kama mtu aliyebeba mtungi hata asipobeba kitu. Alikataa uji aliokaribishwa, akamtazama ng'ombe mara ya mwisho, akapanda kilima kurudi kwake Ganako.

Ng'ombe huyo aliitwa Doa kwa sababu ya alama nyeupe katikati ya paji la uso, kama tone la maziwa lililoanguka likasahau kukauka. Hakuwa wa Leonida. Hakuwa wa Sara pia. Alikuwa wa parokia, na kila Mkristo wa pale Karatu alilijua hilo. Leonida mwenyewe alilijua, kwa kuwa ndiye aliyemtoa. Alilijua kwa namna watu wanavyojua mambo waliyoambiwa.

Hhando, mumewe, alikuwa mtu wa ng'ombe wengi wasioonekana. Ndivyo walivyoishi Wairaqw wa rika lake. Mtu hakulundika mifugo yote nyumbani kwake, macho ya watu na maradhi yakaipata mahali pamoja. Alimweka mmoja kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, mwingine upande wa Mbulumbulu kwa mtu ambaye hata mkewe hakumfahamu. Aliyewekewa alikamua maziwa na kutandaza mbolea shambani. Ndama walikuwa wa mwenye ng'ombe. Siku yoyote mwenyewe aliweza kubisha hodi, akamtazama mnyama wake jicho na sikio, na hakuna aliyeuliza umefuata nini.

Operesheni ya vijiji ilipowahamisha kutoka mlimani na kuwapanga kwa mistari Ganako, Hhando alihama na ng'ombe wawili tu, na viongozi wakamwandika miongoni mwa wanyonge. Alipofariki, miaka michache baadaye, wenye kuwekewa walianza kujitokeza. Wengine walikuja. Wengine, inadhaniwa, walinyamaza. Wa mwisho alikuwa mzee wa Mbulumbulu, aliyefika matanga yamekwisha, ukungu wa Julai umefunika barabara, akimvuta kwa kamba mtamba mwenye alama nyeupe usoni.

"Huyu ni wa Hhando," alisema. "Mama yake alikufa, akabaki yeye."

Leonida alimwuliza kwa nini amekuja, wakati hakuna mtu hai aliyejua habari hizo.

"Mimi nilijua," mzee alisema, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Jambo hilo lilimkaa Leonida moyoni kuliko mahubiri ya mazishi. Majuma kadhaa alimtazama mtamba yule akiingia jioni na kulala upande wa ng'ombe ndani ya nyumba, akamwona kama kitu kilichorudishwa na mkono ambao haukulazimishwa. Sikukuu ya mavuno ilipofika, wenzake walipopeleka altareni debe la mahindi na vibaba vya maharage ya ngwara, yeye alimpeleka Doa mpaka mlango wa kanisa.

Mwaka ule Padre Sylvesta, paroko, alikuwa ameanzisha alichokiita Zizi la Huruma. Zizi lenyewe halikuwa na miti wala mlango. Lilikuwa mpango tu. Mkristo aliyeweza alitoa mtamba, na tangu siku hiyo mtamba akawa mali ya Kanisa, asirudi tena kwa mtoaji wala kwa warithi wake. Kamati ya parokia ilimpeleka kwa nyumba yenye shida. Waliomtunza walikula maziwa na kuchukua mbolea, na kila ndama jike aliyekua alirudi zizini, akaenda nyumba nyingine. Ila Padre aliona pia kwamba watu hawapendi kutoa kitu kikapotelea gizani. Kwa hiyo aliongeza kanuni moja: kila mtamba alipokuwa tayari kwenda, mtoaji wake, au wa mama yake, angeulizwa, "Unamwona nani?" Angelitoa neno lake, kamati ingelisikiliza, kisha kamati ingeamua. Nyumba moja tu hakuruhusiwa kuitaja, nayo ni yake mwenyewe, pamoja na za watoto wake.

Padre aliyaeleza hayo mbele ya watu, polepole, mara mbili, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa Doa. Leonida aliitikia. Alimsikia vizuri. Lakini masikio yake yalikuwa yamefundishwa tangu utotoni na desturi nyingine. Ng'ombe yuko kwa mtu mwingine, mtu huyo anakamua, ndama wanahesabika kwingine, na mwenyewe anaulizwa. Yote aliyoyataja Padre alikuwa akiyajua. Alirudi nyumbani akiwa na amani, kama mtu aliyemweka ng'ombe wake kwa Mungu.

Mara ya kwanza alipoulizwa, alisema kwa adabu, "Yeyote mwenye shida." Kamati ikampeleka Doa kwa Sara.

Hapo ndipo amani ilipopata ufa. Sara alikuwa Mnyiramba kutoka Singida, aliyeletwa na mumewe kuchuma kahawa katika mashamba makubwa. Mume alipata homa akafa kambini. Sara alitoka kambini na watoto, serikali ya kijiji ikampa kipande cha ardhi kando ya kijito ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu ya tope. Jumapili alisali na Walutheri.

"Padre," Leonida alisema safari ile, "huyo si wa kwetu."

"Wa kwetu nani, Mama Leonida?"

"Si Mkatoliki."

"Na ng'ombe je? Yeye amebatizwa?"

Wanakamati walicheka, na Leonida akajikaza akacheka nao. Jumapili iliyofuata alianza ile safari yake ya kijitoni.

Doa alizaa kwanza dume. Likauzwa, mabati yakanunuliwa kwa ajili ya kigango. Kisha alizaa jike, na jike alipokua Leonida aliulizwa mara ya pili. Safari hii hakusema "yeyote." Alimtaja Lusia, kikongwe wa Rhotia aliyekuwa akilea wajukuu, na kamati ikakubali pale pale. Habari zikaenea. Tangu hapo watu walimwona Leonida kwa jicho jingine. Baada ya Misa alizungukwa. Mtu alimletea kuni, mwingine mbaazi, mwingine kipande cha sabuni siku ambazo sabuni ilikuwa haionekani madukani, na wote walikuja kumsalimu tu, wakimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Simoni, tumekuja kukuona tu."

"Mmeniona. Sasa semeni."

"Ah, basi tu. Nasikia Doa ana mimba."

Alipenda kusikia hivyo. Hakuna sababu ya kuficha: alipenda. Alikuwa mjane wa mtu aliyeandikwa mnyonge, naye sasa alikuwa na neno.

Mwaka wa themanini na nne mvua za vuli hazikuja, na za masika zilipita upande wa msitu wa Ngorongoro, zikanyesha kule juu kwenye nyati na tembo, mashamba ya Ganako yakazitazama kwa mbali. Vumbi jekundu liliingia hata kwenye vyungu vilivyofunikwa. Josho lilikuwa halina dawa kwa muda mrefu, na kupe wakajaa. Ndigana ikaingia. Ng'ombe wote wa Hhando, wale walioonekana na wale waliorudishwa, walikuwa kwa Simoni, mwana pekee wa Leonida. Walivimba tezi, wakahema, wakalala, wakafa, mmoja baada ya mwingine, mpaka upande wa ng'ombe ndani ya nyumba ukawa mtupu na nyumba ikawa na baridi ambayo haikuwahi kuwamo.

Hyasinta, mke wa Simoni, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Katarina. Kisha Hyasinta akashikwa na homa ya matumbo. Alipona, lakini maziwa yalimkauka. Mtoto alipewa uji mwepesi wa mahindi, akaunywa, akaendelea kulia, na kilio chake kilizidi kuwa chembamba. Mganga wa zahanati alimtazama mikono na tumbo, akasema neno moja: maziwa. Akalisema bila kuwatazama wazazi, kwa kuwa alijua hali ya mazizi.

Wakati huo mtamba wa pili wa Doa alikuwa amekua, ana mimba, na amebakiza muda mfupi azae. Kamati ilitangaza kwamba itakutana.

Simoni alikuja kwa mama yake asubuhi, akaketi kwenye kigoda cha baba yake, jambo alilolifanya mara chache.

"Mama, wewe ndiye utakayeulizwa."

"Mimi."

"Utasema nani?"

"Wewe huwezi kutajwa. Unajua."

"Sitaki unitaje mimi. Umtaje Boazi."

Boazi alikuwa jirani yao, ng'ombe wake nao wamekufa, mtu mchangamfu ambaye hakuwahi kusema hapana kwa lolote. Simoni alieleza. Mtamba angekwenda kwa Boazi mchana, watu wote wakiona. Baada ya siku kadhaa angelala kwa Simoni. Akizaa, maziwa wangegawana.

"Baba aliwaweka wangapi hivyo?" Simoni aliuliza. "Nani aliwahi kumwita mwizi?"

Leonida alikumbuka. Ni kweli, Hhando aliwaweka wengi hivyo.

"Na huyu ni wetu, Mama. Mama yake tulimvuta kwa kamba yetu. Mtoto analia hapa, ng'ombe wetu anawanywesha watu wa kijitoni."

"Boazi anasemaje?"

"Boazi amekubali kabla sijamaliza kusema. Unamjua Boazi."

Mtoto alilia ndani ya nyumba ya pili. Wote wawili walimsikiliza mpaka akanyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko kilio.

"Nitamtaja Boazi," Leonida alisema.

Siku ya kikao aliondoka mapema, akapitia kijitoni. Hakuwa na sababu iliyo wazi ya kupita huko. Labda alitaka kumwona mtamba kabla hajamsemea. Sara alikuwa akikata migomba kuwalisha ng'ombe. Kando ya kijito kulikuwa bado na majani, na ile ardhi ya tope ambayo hakuna aliyeitaka ndiyo iliyobaki kijani mwaka ule. Doa alikuwa amezaa tena, dume, na chuchu zake zilikuwa zimejaa. Mtamba alisimama karibu na mama yake, ana alama ileile usoni, ndogo zaidi.

Leonida alimshika mtamba kope.

"Boazi naye alikuja jana," Sara alisema bila kuacha kukata. "Naye alimshika hapo hapo. Nilifikiri mmeanzisha chama."

"Alisema nini?"

"Boazi? Boazi hujamwuliza yeye anakujibu. Alisema mtamba huyu atakula kwake na kulala kwa Simoni."

Leonida aliachia kope. Kijito kilipita chini ya migomba kwa sauti ndogo.

"Na wewe utasema kwa Padre?"

"Mimi? Mimi si wa kamati. Mimi ni wa maziwa na mbolea." Sara aliweka panga chini, akajifuta mikono. "Ila nina swali, Mama, na usinikasirikie. Miaka yote hii unakuja hapa. Unamtazama Doa jicho, sikio, mkia. Mimi nasimama pale. Najiambia, mama huyu anampenda ng'ombe. Lakini nataka kujua. Ulimtoa, au ulimweka?"

"Unamwuliza nani hivyo?"

"Nakuuliza wewe."

"Mjukuu wangu anakufa, Sara."

Sara hakuwa na habari hiyo. Kijitoni ni mbali na Ganako, na watu waliomtembelea Leonida hawakuwa wakimtembelea Sara. Alifungua mdomo, lakini Leonida alikuwa amekwisha geuka. Alipanda kilima kwa hasira, na hasira ilimsaidia kupanda mpaka nusu ya njia. Nusu iliyobaki alipanda na lile swali. Alimkumbuka mzee wa Mbulumbulu, kamba mkononi, ukungu mabegani. Mimi nilijua, alisema, na akaomba maji.

Kamati ilikaa chini ya ukuta wa kanisa, upande usio na upepo. Mwenyekiti alikuwa Mzee Qamara, mtu wa sauti nzito aliyependa mambo yafuatane. Padre Sylvesta alikaa pembeni kwenye benchi la watoto wa katekisimu, magoti yamepanda juu. Watu wengine walisimama nyuma kama kawaida. Boazi alikuwa miongoni mwao, kofia mkononi, akitabasamu kabla hakijasemwa kitu cha kuchekesha. Simoni alisimama mbali kidogo, karibu na mti wa msonobari, kana kwamba alikuwa akipita.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Mtamba wa Doa," Mzee Qamara alisema. "Yuko tayari, ana mimba. Mtoaji yupo. Mama Leonida, simama utuambie. Unamwona nani?"

Leonida alisimama. Alimtazama Boazi, na Boazi akaitikia kwa kichwa kumtia moyo.

"Sina neno," alisema.

"Huna mtu?"

"Mtu ninaye. Neno ndilo sina."

Mzee Qamara alimtazama Padre, kisha akamtazama Leonida. "Mama, tusaidie. Kanuni inasema uulizwe."

"Ndiyo hiyo nataka muiondoe kwangu." Alishika ncha ya kanga yake, akaiachia. "Nilipomleta Doa hapa, nilimweka. Sikumtoa. Padre alisema kutoa, mimi nikasikia kuweka, kama mume wangu alivyokuwa akiweka. Kila Jumapili naenda kumtazama ng'ombe wangu. Na leo nilikuja hapa na jina la kuwadanganya, ili mtamba alale kwenye nyumba ya mwanangu. Jina sitalisema, mwenyewe hana kosa, aliombwa akakubali."

Boazi alivaa kofia.

"Sasa ndiyo namtoa," Leonida alisema. "Yeye, na huyu mtamba, na watakaozaliwa. Msiniulize tena." Akakaa.

Kisha maneno yakaanza kwa pamoja, na Mzee Qamara ilimbidi apige makofi. Mwanakamati mmoja alisema kwamba kama mama huyu hana neno tena, basi kanuni haimfungi, na nyumba ya Simoni ni nyumba kama nyingine yenye shida, apewe. Mwingine akasema huo utakuwa mlango wa nyuma, na kesho kila mtoaji atalia mbele ya kamati ili ng'ombe arudi kwao. Wa tatu akasema mtoto hajui mlango wa mbele wala wa nyuma. Walibishana mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia miguuni. Mwishowe Padre alimwuliza Leonida kama ana la kuongeza.

"Nimesema msiniulize, Padre."

Walimpeleka mtamba kwa Paskalina wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akilea watoto yatima wa dada yake pamoja na wake. Hakuna aliyeweza kusema hakustahili. Simoni hakusubiri sala ya kufunga.

Alimkuta mama yake nyumbani jioni, akipepeta ngwara zilizobaki.

"Ulitoa ng'ombe, leo umetoa na neno. Umebakiza nini?"

"Sijui," Leonida alisema.

"Mimi najua. Umebakiza sifa. Watu wote wanasema Leonida, Leonida."

"Waache waseme."

"Na mtoto?"

Leonida aliendelea kupepeta. Ungo ulipanda na kushuka, makapi yakaruka. Simoni alitoka. Usiku ule, na uliofuata, Leonida alilala upande ule mtupu wa ng'ombe kwenye nyumba ya mwanawe, mtoto kifuani kwake ili Hyasinta apumzike, akamlowanishia midomo kwa uji na kidole. Inasemekana hakusali kwa sauti.

Asubuhi ya pili yake, jua halijakausha umande wa majani ya maboga, mtu alibisha hodi. Alikuwa Sara, amejitwisha kibuyu, miguu ina tope la kijitoni mpaka magotini. Aliingia bila kungoja kukaribishwa sawasawa. Hakumsalimu Leonida wala Hyasinta. Alikwenda moja kwa moja kwa mtoto, akamfunua kope, akatazama. Akamgeuza sikio, akachungulia nyuma yake. Akamwinua mguu, akaupima kwa vidole, akaguna kama mtu asiyeridhika na mfugaji.

Ndipo alipogeuka. "Hamjambo humu."

Hyasinta alifikiri mgeni amerukwa na akili. Leonida alijua, na uso wake, ambao haukuwa wa kucheka tangu mvua zikatae, ulianza kutetemeka pembeni.

"Hatujambo, daktari," alisema.

"Mmemfunga kamba fupi mno," Sara alisema, akashusha kibuyu. "Huyu anataka maziwa. Yachemsheni, muyachanganye na maji kidogo siku za mwanzo, tumbo lisishtuke."

"Sara. Haya ni ya watoto wako."

"Watoto wangu wamekunywa miaka mingapi? Leo wanakunywa uji, hawajafa."

"Kamati..."

"Kamati gani? Mtamba ni wa kamati. Doa ni wa Kanisa. Maziwa ni ya anayetunza, Padre mwenyewe alisema mbele za watu, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe. Sasa katika haya hakuna wa kuniuliza namwona nani." Akamtazama mtoto. "Namwona huyu."

Leonida alipokea kibuyu. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa namna isiyo na uzoefu, kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Kwa muda mrefu alikuwa mtu wa kuletewa kuni na mbaazi na watu waliotaka neno lake. Huyu hakutaka kitu, na neno lenyewe halikuwapo tena.

Sara alileta maziwa kila asubuhi msimu wote ule wa njaa. Katarina alianza kulia kwa sauti nene, na Hyasinta akasema hajawahi kusikia kelele nzuri kama ile. Kibuyu hakikurudi kitupu. Kilirudi na kiganja cha ngwara, au chumvi, na siku nyumba ilipokuwa haina kitu kilirudi na maua ya maboga. Simoni alikuwa akitoka nje kila Sara alipofika. Hakumshukuru, wala hakuzungumza na mama yake zaidi ya salamu mpaka mvua ziliporudi. Lakini mvua ziliporudi, watu walimwona kijitoni na shoka, akikata miti na kuichimbia kati ya kiwanja cha Sara na mahindi ya jirani. Alijenga ua mzima. Alipoulizwa ni kibarua cha nani, alisema ng'ombe yule ana tabia mbaya.

Kamati haikumwuliza Leonida tena. Doa alizaa majike mengine, yakaenda Endabash, yakaenda Mang'ola, kwa watu ambao hawakumjua, na watu waliokuwa wakimletea kuni wakaacha kuleta. Aliokota kuni zake mwenyewe.

Jumapili bado alishuka kijitoni baada ya Misa. Alifika, akasimama nje ya ua, akabisha hodi na kungoja. Alimsalimu Sara kwanza, na watoto wa Sara, kwa majina. Alikaribishwa uji, akaunywa wote. Waliongea habari za mvua, za kupe, za Boazi, ambaye sasa alikuwa amekubali kuwa mjumbe wa nyumba kumi bila kujua kazi yake ni nini.

Alipokuwa akiaga, Sara alimwuliza, "Hutaki kumtazama Doa leo?"

"Kama utanionyesha," Leonida alisema.

Sara aliweka kata chini, akatangulia.